Mlipeni fundi kabla ya kuhesabu sadaka

  

Ndugu msomaji, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, hususan katika miji ya Iringa na Mbeya, umejengeka utaratibu mzuri. Msikiti ukihitaji bati, madrasa ikikosa madawati au yatima wakihitaji sare za shule, kina mama na vijana wanaofanya kazi za mikono hualikwa walete bidhaa zao uwanjani. Basi utaona vikapu vya milulu kutoka vijiji vya Iringa, vyungu vya Wakisi kutoka Kyela, kofia za kushona kwa mkono, mikoba iliyoungwa kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwa mafundi cherehani, majiko ya bati chakavu na katambuga zilizokatwa kwenye matairi ya malori. Kipaza sauti kinawashwa, vijana wa madrasa wanasoma qasida, watu wananunua. Ni jambo la kheri, na wanaoliandaa Allah (SW) awalipe.

Tatizo linaanza jioni. Fedha zinahesabiwa mezani, kiasi kinatangazwa, takbira inapigwa. Kisha mama aliyekuja na vikapu kumi na sasa hana hata kimoja anasogea kwa aibu kwenye meza ile, naye anajibiwa kwa upole, "Mama, Allah atakulipa." Mazungumzo yameishia hapo. Asubuhi hakuna aliyemuuliza kama vile vikapu amevitoa au amekuja kuviuza. Imechukuliwa tu kwamba Mwislamu akibeba kitu mpaka uwanja wa msikiti basi amekwishakitoa. Mwenye gari aliyenunua kikapu anaondoka na kikapu, kamati inaondoka na fedha, na aliyekisuka anaondoka na dua.

Nimelisema jambo hili mara kadhaa katika vikao na nimejibiwa kuwa ninawakatisha watu tamaa ya kutoa. Hapana. Ninachosema ni kwamba mali ya mtu haiwi sadaka mpaka mwenyewe aseme ni sadaka, kwa ulimi wake na kwa ridhaa yake. Fundi ana mali kama alivyo na mali mwenye lori. Katika Suratun-Nisaa (4:29) Allah (SW) amewakataza walioamini kuliana mali zao kwa batili, na akabakisha njia ya biashara yenye kuridhiana. Maridhiano hayo ndiyo yanayokosekana pale mezani jioni.

Wapo watakaosema, mbona yule mama hakulalamika? Hebu tujiulize, angelalamikaje mbele ya Sheikh, mbele ya majirani zake, takbira ikiwa ndiyo kwanza imetua? Sisi watu wa Afrika Mashariki wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Basi Ibn Hajar Al-Haytami, ambaye ni miongoni mwa nguzo za madhehebu hayo, amenukuu kauli moja ya wanachuoni kuwa kitu alichochukuliwa mtu kwa njia ya kuonewa haya, bila ya yeye kuridhia, hakiwi milki ya aliyekichukua. Haya imewekwa na Wanachuoni katika mlango wa nguvu. Kamati za misikiti zingeusoma mlango huu kabla ya kukodi kipaza sauti, pengine mambo yangekuwa mengine.

Mnada aliousimamia Mtume (SAW)

Kama kuna Mwislamu anayedhani kuwa bazari za kuuza vitu vya nyumbani ni mambo ya kuiga kwa wenzetu, basi na asome hadithi aliyoipokea Anas bin Malik (RA) na kuandikwa na Abu Daud. Mtu mmoja katika Answari alimjia Mtume (SAW) kuomba. Mtume (SAW) akamuuliza kama nyumbani kwake hakuna kitu chochote. Akajibu kuwa kuna nguo moja nzito, sehemu yake wanaivaa na sehemu wanaitandika, na bakuli wanalonywea maji. Akaambiwa avilete. Mtume (SAW) akavishika kwa mkono wake mwenyewe, akauliza nani atavinunua. Akatokea mtu akasema atatoa dirham moja. Mtume (SAW) hakukubali haraka, bali aliuliza mara mbili au tatu ni nani atakayezidisha, mpaka akapatikana aliyetoa dirham mbili.

Wanachuoni wa hadithi wamezungumza juu ya sanadi ya hadithi hii, na wapo walioona ina udhaifu. Lakini maana yake ina ushahidi katika Bukhari, pale Zubair bin Al-Awwam (RA) aliposimulia kuwa mtu kuchukua kamba yake akaenda kubeba mzigo wa kuni mgongoni na kuuza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime.

Sasa tazama zile dirham mbili zilikwenda wapi. Hazikuingia kwenye mfuko wa msikiti, ingawa msikiti wa Madina ulikuwa wa makuti na Waislamu walikuwa na shida kweli kweli. Zote mbili alikabidhiwa mwenye nguo na bakuli. Moja akaambiwa awanunulie watu wa nyumbani kwake chakula. Ya pili anunue kichwa cha shoka na akilete. Mtume (SAW) akakitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akate kuni na kuuza, na asimwone kwa siku kumi na tano. Alipomaliza muda ule alikuwa amepata dirham kumi, akanunua nguo na chakula.

Mimi hufundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, na hadithi hii wanafunzi huijibu vizuri sana wanapoulizwa juu ya ubaya wa kuombaomba. Swali ambalo sijaliona katika mtihani ni hili jingine: kwa nini Mtume (SAW) alitafuta bei ya juu? Angeweza kumwambia yule wa dirham moja achukue, jambo likaisha. Alisimama akaongeza bei maradufu kwa ajili ya maskini mwenye bakuli. Sisi mnadi wetu akisimama hupandisha bei kwa ajili ya bati, na baada ya mauzo mwenye kikapu hakumbukwi.

Kikapu kimoja ni siku ngapi?

Huenda tunawadharau watu hawa kwa sababu hatuijui kazi yao. Milulu ni majani ya mfano wa matete yanayoota kwenye maeneo ya majimaji. Huvunwa, hukaushwa, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa kwa mkono mstari baada ya mstari mpaka kikapu kisimame chenyewe bila kuegemezwa. Wasukaji wengi ni kina mama wa Kihehe, na kazi hiyo huifanya baada ya shamba, baada ya kuni, baada ya watoto kula. Kikapu kimoja ni siku kadhaa za mtu. Vikapu hivi vinavyoitwa vikapu vya Iringa leo vinauzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani kwa bei ambayo msukaji wake akitajiwa atadhani anataniwa. Tangu Juni 1, 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, hata sisi wa mjini tuliowacheka bibi zetu kwa kubeba vikapu tumevirudia.

Ukienda Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, kuna kijiji cha Ikombe. Kina mama wa Kikisi wa huko wanafinyanga vyungu ambavyo sifa yake imefika mbali. Vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi na kupelekwa soko la Lyulilo, jirani na Matema, ambako Jumamosi ndiyo siku ya soko. Zamani walibadilishana na Wanyakyusa, chungu kwa nafaka. Mfinyanzi akichoma vyungu, vinavyopasuka motoni ni hasara yake peke yake. Mnunuzi hajui habari ya vilivyopasuka. Anaona kile kizima kilichobaki, halafu anasema bei ni kubwa.

Na hao wanaokusanya vitu vilivyotupwa, kopo likawa koroboi, pipa likawa jiko, tairi likawa kiatu, wasionekane kuwa ni watu wa jalalani. Ibn Abbas (RA) amesimulia, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (SAW) alipita akamkuta kondoo aliyekufa, ambaye huria mmoja wa Bibi Maimuna (RA) alikuwa amepewa kama sadaka. Mtume (SAW) akawauliza kwa nini wasiichukue ngozi yake wakaitengeneza na kunufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Kitu ambacho watu walikwishakipita na kukiacha, Mtume (SAW) aliona ndani yake kuna ngozi ya kutengenezwa na faida ya kupatikana. Yeye mwenyewe, kama alivyosimulia Bibi Aisha (RA), nyumbani kwake alikuwa akishona viatu vyake na kutia kiraka nguo zake.

Watu wa Mbeya wanajua jambo jingine ambalo mteja huwa halioni. Mwezi wa Desemba mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 likaungua soko la SIDO hapo hapo Mwanjelwa. Mwenye duka kubwa huenda alikuwa na bima au ndugu wa kumshika mkono. Fundi ambaye cherehani yake, nyundo yake na bidhaa zake zote zilikuwa kwenye kibanda kimoja alianza upya akiwa na mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo akialikwa kwenye bazari ya msikiti anakuja na mtaji wake wote. Akirudi bila bidhaa na bila fedha, amerudishwa kwenye siku ya moto.

Hapa ndipo linapokuja suala la thawabu. Atasema mtu, lakini si amepata thawabu? Bukhari amepokea kwa Hakim bin Hizam (RA) kuwa sadaka bora ni ile inayomwacha mtoaji akiwa na cha kumtosha, na kwamba mtu aanze na wale anaowalisha. Vilevile tunaye Bibi Zainab bint Jahsh (RA). Mtume (SAW) aliwaambia wakeze kuwa atakayemfuata mwanzo baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono. Alipofariki Zainab wa kwanza miongoni mwao ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa kutoa, kwani Zainab alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na kutoa sadaka. Hadithi hii ameipokea Muslim. Zainab alifanya kazi, kilichopatikana kikawa chake, kisha akatoa mwenyewe. Hakuna mtu aliyesimama kati ya kazi yake na sadaka yake akamtolea.

Kupatana bei

Kupatana bei ni halali na wala simlaumu mtu kwa kuomba apunguziwe. Lakini kuna namna tunayowafanyia watu wa kazi za mikono ambayo hatuwafanyii wengine. Mtu huyo huyo ananunua vocha ya simu kwa bei iliyoandikwa, anajaza mafuta kwa bei iliyoandikwa, soda hali kadhalika. Akifika kwa bibi aliyekaa chini na vyungu vitatu, ndipo anapokumbuka kuwa yeye ni hodari wa biashara. Anasimama robo saa. Anajifanya kuondoka. Anarudi. Na jua linapokaribia kuzama, akijua kuwa bibi hana pa kulaza vyungu na mtumbwi unamsubiri, anataja nusu ya bei. Kisha anasimulia nyumbani kwa fahari jinsi alivyompata.

Jabir bin Abdillah (RA) amepokea dua ya Mtume (SAW) ya kumwombea rehma mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Kuna pia kisa kilichopokewa na Tabarani kuhusu Jarir bin Abdillah Al-Bajali (RA). Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirham mia tatu. Jarir alipomwona yule farasi akamwambia muuzaji kuwa farasi wake anastahili zaidi ya hiyo, akaongeza mpaka mia nne, akaendelea kuongeza mpaka akalipa mia nane. Alipoulizwa, akaeleza kuwa alikuwa amempa Mtume (SAW) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Sidai kuwa kila mmoja wetu ataweza kuwa Jarir sokoni. Ila tungeweza angalau kutomfanya mwenye shida kuwa nafasi yetu ya kushinda.

Deni la seremala

Sasa niseme kuhusu oda, maana hapa ndipo dhulma inapokuwa nzito zaidi. Fundi anaitwa atengeneze madawati ya madrasa, au nondo za madirisha ya msikiti, au mimbari. Anatoa malipo ya mbao mfukoni mwake kwa sababu anaamini anafanya kazi na watu wa dini. Kazi inakwisha, inasifiwa, inazinduliwa. Fedha haziji. Akiuliza, anaambiwa mchango wa Ijumaa haukutosha. Akiuliza tena, anaanza kusemwa kuwa imani yake ina kasoro, mbona anaidai nyumba ya Allah?

Khabbab bin Al-Arat (RA) alikuwa mhunzi Makka. Alimfanyia kazi Al-Aas bin Wail, akaenda kumdai. Al-Aas akamwambia hamlipi mpaka amkufuru Muhammad. Khabbab akakataa. Al-Aas akafanya kejeli, akasema kama kweli kuna kufufuliwa basi atamlipa huko akiwa na mali na watoto. Ndipo zikashuka aya katika Suratu Maryam (19:77-80). Al-Aas alikuwa mushrik, tena adui. Lakini yeye alimwahidi fundi malipo ya akhera kwa kejeli, na sisi tunamwahidi fundi malipo ya akhera kwa kumaanisha kabisa, na matokeo yake mfukoni mwa fundi ni yale yale.

Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari kwa Abu Huraira (RA), Allah (SW) anasema kuwa watu watatu Yeye atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiama. Mmoja ni aliyeweka ahadi kwa jina Lake kisha akavunja. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mfanyakazi, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa kamati ya ujenzi imetolewa katika hukumu hiyo.

Nisije nikaonekana kuwatetea mafundi peke yao. Na wao wanatuliza. Kuna fundi anayechukua fedha ya mwanzo ya kabati, akainunulia mbao za mteja mwingine, na kila siku neno lake ni "kesho". Kuna anayepaka rangi juu ya kutu. Kuna mfinyanzi anayeziba ufa kwa majivu akijua maji yatavuja wiki ijayo. Mtume (SAW) aliingiza mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini, na akasema kuwa anayefanya udanganyifu hayuko pamoja naye. Nabii Daud (AS), ambaye Allah (SW) alimlainishia chuma, aliamrishwa katika Suratu Sabaa (34:11) atengeneze deraya na apime sawasawa viungo vyake. Mtume anaagizwa vipimo vya ufundi! Ama wanaochonga sanamu za watu na wanyama kwa ajili ya watalii, kisa chao kipo kwa Ibn Abbas (RA) katika Bukhari. Mtu alimwendea akamwambia kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake na kwamba anatengeneza picha hizo. Ibn Abbas alimsimulia onyo la Mtume (SAW), akaona uso wa mtu yule umebadilika, basi akamwelekeza atengeneze miti na kila kisichokuwa na roho. Alimkataza jambo na papo hapo akamfungulia jingine, hakumwacha na njaa.

Wenzetu wa Iringa

Mwaka 2003, mjini Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha karakana iitwayo Neema Crafts. Walianza na vijana watatu viziwi, wakawafundisha kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye yakaja mambo ya kufuma, shanga za chupa zilizotupwa na mkahawa unaohudumiwa na viziwi. Watu wenye ulemavu ambao mtaani walizoeleka kunyoosha mkono walianza kupokea malipo kwa kazi ya mkono huo huo.

Nalitaja jambo hili bila kuona haya, kwani hekima ni ya muumini popote aikutapo. Misikiti yetu mingi siku ya Ijumaa ina safu ya watu wenye ulemavu mlangoni. Tunawapa sarafu, na hilo ni jema. Lakini Abdullah bin Ummi Maktum (RA), kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Suratu Abasa, hakuwekwa mlangoni. Mtume (SAW) alimfanya mwadhini, na aliposafiri kuna nyakati alimwachia yeye kuswalisha watu Madina. Alipewa kazi, tena ya ndani. Ni msikiti gani kati ya yetu wenye karakana, hata ya cherehani mbili?

Atasema mtu hatuna wafadhili. Zaka je? Imamu An-Nawawi katika Al-Majmu' amelieleza jambo hili kwa uwazi unaoshangaza: fakiri au maskini ambaye kazi yake ni ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vifaa vya ufundi wake, viwe vya bei ndogo au kubwa, ili apate kipato cha kumtosha. Haya ni madhehebu yetu wenyewe. Kwa hiyo cherehani ya mshona kofia ni zaka. Nyundo na mkasi wa bati wa fundi majiko ni zaka. Sisi tumezoea kugawa kilo mbili za mchele mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani ya pili tunawagawia wale wale.

Kwa kuwa hatufanyi hivyo, kina mama hawa wamekimbilia kwa wakopeshaji wa mtaani ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la "kausha damu". Jina linajieleza. Mama anakopa anunue milulu na rangi, rejesho linaanza kabla kikapu hakijakamilika, akichelewa wanakuja kubeba godoro. Tunasimama mimbarini kukemea riba, na aya za Suratul-Baqara (2:275-279) ni kali kuliko kemeo letu lolote, lakini baada ya hotuba yule mama anabaki na swali lile lile la mtaji. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni vikundi vingapi vya Waislamu vimesaidiwa na misikiti yao kuandika katiba na kujisajili ili viombe?

Na iko njia ya Kiislamu iliyo karibu zaidi, nayo ni bai'us-salam. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya mavuno, akawawekea sharti kuwa kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Mwenye duka mjini Iringa anayetaka vikapu hamsini vya ukubwa fulani na rangi fulani ifikapo tarehe fulani, alipe leo fedha zote. Mama ananunua milulu bila kausha damu, mwenye duka anapata bei ya nafuu kwa haki. Masharti ya salam katika vitu vya kutengenezwa kwa mkono wanachuoni wameyachambua, waulizwe masheikh kabla ya kuandikiana. Lakini waulizwe.

Turudi kwenye bazari, maana msimu wake utafika tena. Napendekeza kwa kamati zetu wawe na daftari moja na mwandishi mmoja mlangoni. Kila anayeingia na bidhaa aulizwe faraghani, si kwenye kipaza sauti, kama ametoa au anauza. Aliyesema ametoa aandikwe hivyo, na Allah (SW) amkubalie. Aliyesema anauza ataje bei yake, iandikwe. Bidhaa ikinadiwa ikazidi bei ile, ziada iende kwenye bati ikiwa mwenyewe ameridhia asubuhi, na mnunuzi atangaziwe hivyo ajue anachokitoa. Jioni, kabla ya jumla kutangazwa na kabla ya takbira, waitwe mmoja mmoja walipwe, walioandikwa kama wauzaji kwanza kabisa. Kilichobaki mezani baada ya hapo ndicho cha msikiti, hata kama ni bati mbili.

Na vyungu ambavyo havikuuzwa vipakiwe kwa uangalifu, kwa gharama ya kamati, virudi na wenyewe Kyela. Vikivunjika njiani, kamati ilipe.

Wabillahi tawfiiq.